Mlinzi Qamara na Mzee Margwe

Lukasi Margwe aliigiza watu wengi kabla ya kufungiwa ndani ya mmoja. Aliigiza hakimu, padri, mlevi, mganga wa zahanati, hata mama mkwe aliyejifunga kitenge kiunoni na kuwafukuza watu kwa mwiko. Hayo yote aliyafanya Arusha, katika kikundi cha utamaduni cha kiwanda kimoja cha nguo, miaka ile ambayo kiwanda cha umma kilikuwa na ngoma yake, kwaya yake na waigizaji wake. Mwigizaji alipanga foleni ya mshahara pamoja na fundi wa mitambo, na hakuna aliyemwuliza kazi yake ni ipi.

Kwao ni Tlawi, huku juu Mbulu, kwenye baridi. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, akabaki yeye, dada yake Marieta na baba yao, Mzee Gervasi Margwe. Mzee alikuwa mrefu, mkulima wa mahindi na maharage, mwenye ng'ombe wachache aliowajua kwa tabia zao. Kiswahili alijifunza akiwa mtu mzima, kwa katekista na kwa redio. Alikiheshimu kama mtu anavyoheshimu nyumba ya mwenyeji: aliingia taratibu, akaangalia pa kukaa. Kwenye mikutano ya kijiji alisubiri wengine wamalize, kisha akasimama, akasafisha koo, akatazama juu ya vichwa vya watu na kusema, "Mimi nasema neno moja tu." Halikuwa moja kamwe. Alisema mpaka jambo likaisha, na neno la mwisho la kila sentensi alilirudia, "maji ni ya wote, ya wote," kama anayegonga kigingi mara ya pili ili kisichomoke. Sauti zile za Kiiraqw zinazotoka chini kabisa kooni zilibaki kwenye Kiswahili chake. Hapa kwetu hakuna aliyezisikia, maana sote tunazo.

Lukasi alianza kuigiza shuleni, akaendelea Jeshi la Kujenga Taifa, na huko ndiko watu wa kiwanda walikomwona. Walimfundisha kusimama, kupumua, kusema Kiswahili ambacho mtu hawezi kukisikia na kujua umetoka wapi. Alikishika haraka. Lakini mchezo uliomtangaza Arusha ulikuwa ule wa mzee aliyeletewa habari kwamba mwanawe amekufa vitani. Lukasi hakuwa na umri hata wa miaka thelathini. Alipanda jukwaani, akasafisha koo, akatazama juu ya vichwa vya watu, akazungumza kama baba yake. Wanawake wa kitengo cha kufuma walilia waziwazi, na meneja mkuu alitoka nje akarudi macho mekundu.

Kisha mambo yakabadilika. Nguo za mitumba zilijaa masokoni, kiwanda kikapunguza zamu, kikapunguza watu, na kikundi cha utamaduni ndicho kilichotangulia kukatwa. Waligawana ngoma na mavazi. Lukasi alichukua koti moja la kijeshi lililochakaa, akashuka Dar es Salaam kumfuata Onesphory, aliyekuwa mpiga ngoma wa kikundi na sasa amekuwa mtu wa mipango. Runinga ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuonekana bara, na Onesphory alikuwa amepata nafasi ya kutengeneza mchezo wa kuchekesha wa kila wiki, habari za tajiri mmoja na familia yake.

Siku ya mazoezi ya tatu walikosa mtu wa kufungua geti. Sehemu yenyewe ilikuwa ndogo tu: mgeni anafika, mlinzi anamzuia, tajiri anatoka.

"Lukasi, vaa lile koti lako," Onesphory alisema. "Wewe si Mmbulu? Sema kama kwenu."

"Kama kwetu vipi?"

"Kama kwenu, bwana. Usinionyeshe shule."

Lukasi alikuwa hajafika Tlawi kwa miaka minne. Alisimama getini, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na aliyetoka alikuwa baba yake. Alisafisha koo. Alitazama juu ya kichwa cha mgeni. "Mimi nasema neno moja tu," alisema. "Geti halifunguki. Halifunguki."

Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika.

Inatakiwa ieleweke kwamba Lukasi hakukusudia dharau. Alikuwa amemkumbuka mzee. Kwa dakika ile aliyosimama getini alijisikia yuko nyumbani, na kicheko cha wenzake alikipokea kama alivyopokea machozi ya Arusha, kwamba ni ishara ya kazi nzuri. Mwendo ni uleule, sauti ni ileile. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii mzee alisimama mbele ya geti la mtu mwingine.

Mlinzi alipewa jina, Qamara, ambalo Onesphory hakuweza kulitamka hata siku moja, akasema Kamara. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata, na kufikia mwisho wa mwaka watu walikuwa hawamjali tajiri wala familia yake. Walimsubiri Qamara. Wachuuzi wa Kariakoo walishikilia bei wakisema, "Neno moja tu, mama! Haipungui. Haipungui!" Lukasi alisalimiwa barabarani, akapewa soda za bure, akaoa, akapanga nyumba ya vyumba viwili Mabibo. Alipoomba sehemu nyingine, ya daktari au ya mwalimu, Onesphory alimwambia watu hawawezi kumwamini. Alijaribu mara moja kanisani, kwenye igizo la Pasaka, akapewa kuwa Pilato. Alipoinua mikono kuinawa, waumini waliangua kicheko, na paroko akamshauri kwa upole akae na kwaya.

Huku Tlawi hatukuwa na umeme, na habari zilitufikia kwa vipande. Tulijua Lukasi yuko kwenye runinga. Mzee Margwe alijivunia, ingawa hakuiona. Kisha mtu mmoja pale Mbulu mjini alifungua kibanda cha video chenye jenereta, akaleta kaseti za mchezo ule. Vijana walioziona walirudi wakimtazama mzee kwa namna ya ajabu, wakicheka chini chini. Yeye alifikiri ni furaha ya kumfahamu mtu maarufu.

Jumamosi moja alivaa koti lake la Jumapili, akamwambia Marieta wapande gari waende wakamwone Lukasi. Mwenye kibanda alipojua ni nani alikataa kupokea kiingilio, akamweka mzee benchi la mbele. Marieta alikaa nyuma yake. Yeye ndiye aliyenisimulia.

Mchezo ulianza. Qamara alitokea, na kibanda kizima kikacheka kabla hajasema lolote. Alipozungumza, watu walipiga magoti yao kwa viganja. Halafu, mmoja mmoja, walianza kugeuka. Walimtazama aliye kwenye skrini, wakamtazama aliye kwenye benchi, wakacheka upya. Mzee Margwe alikuwa amenyooka, mikono juu ya fimbo. Alitaka kusafisha koo, Marieta aliona mabega yake yakijiandaa, kisha akaacha.

Walirudi kwa miguu, kwa sababu mzee hakutaka kupanda gari. Walipokaribia ziwa la Tlawi ndipo alipouliza, kwa Kiiraqw, "Yule ni nani?"

"Ni Lukasi, baba."

"Lukasi namjua. Nauliza yule mwingine."

Mzee alitembea mbele yake njia yote iliyobaki.

Baada ya hapo watoto walianza. Watoto hawana kosa kubwa, wao hurudia wanachosikia. Mzee akipita, sauti inatoka nyuma ya ua, "Halifunguki! Halifunguki!" Watu wazima waliwakaripia huku wenyewe wakijizuia kucheka. Hata hivyo mzee aliendelea kwenda kwenye mikutano. Nadhani aliamini kwamba pale, kwenye jambo zito, watu watakumbuka yeye ni nani.

Mwaka ule mkoa wa Manyara ulikuwa mpya na Babati ndiyo imekuwa makao makuu. Magari yalipanda na kushuka na wageni wenye mafaili. Katika kitongoji chetu kulikuwa na bonde lenye majani ya kiangazi, mahali ambapo familia zote zilipeleka ng'ombe mvua zikikatika. Akaja mtu, mwekezaji, akilitaka bonde kwa kilimo cha kumwagilia. Mkutano uliitwa kwenye darasa la shule, na maofisa watatu vijana walikaa mbele. Hakuna mtu hapa aliyetaka bonde liende. Lakini kusema mbele ya maofisa si kazi ya kila mtu, na tangu zamani kazi hiyo tulimwachia Mzee Margwe.

Alisubiri wageni wamalize. Akasimama. Akasafisha koo, na mahali fulani nyuma mtu akakoroma puani kwa kicheko alichokizuia. Mzee alitazama juu ya vichwa vyetu.

"Mimi nasema neno moja tu," alisema.

"Geti halifunguki!" kijana mmoja alimalizia kutoka dirishani.

Darasa lilipasuka. Ofisa wa katikati, ambaye bila shaka alikuwa ameona mchezo ule huko alikotoka, alicheka mpaka akavua miwani. "Samahani, mzee," alisema akifuta macho, "samahani sana. Endelea."

Mzee Margwe alisimama kidogo mdomo ukiwa wazi. Alionekana kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta kufuli geni. Kisha akakaa. Wengine wawili walijaribu kusema, wakachanganya maneno, wakaishia katikati. Mikono ya kukataa iliinuliwa, michache na ya uvivu, na kabla ya saa ya kukamua ng'ombe, bonde lilikuwa limekwenda.

Marieta alipanda hadi Mbulu mjini, akampigia simu kaka yake kutoka kibanda cha simu. Alimweleza yote bila kulia. Lukasi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, kama mzee anakula. Siku ileile alikwenda kwa Onesphory.

"Nataka Qamara afe," alisema. "Agongwe na gari, aondoke kazini, vyovyote. Simchezi tena."

Onesphory hakukasirika. Alikuwa amenenepa na alikuwa na mambo mengi. "Pole kwa mzee," alisema. "Lakini Kamara si wako, Lukasi. Ni wa mchezo. Ukiacha, namvalisha mwingine koti."

"Koti ni langu."

"Mnazi Mmoja makoti ya mitumba yamejaa, bwana."

Lukasi aliacha. Wiki ya tatu alimwona Qamara mpya kwenye runinga ya jirani. Alikuwa kijana wa Dar ambaye hajawahi kufika hata Karatu. Alikuwa amesikiliza kaseti, akachukua koo na kurudia maneno, akaongeza ulevi, suruali inayoporomoka, na kuogopa redio kwa kudhani kuna mtu ndani. Watu walicheka zaidi. Lukasi alitazama kipindi chote amesimama, na kesho yake alirudi kwa Onesphory kuomba kazi yake. Kwa mikono yake, aliwaza, Qamara angalau hatavuliwa suruali. Alipewa, kwa malipo pungufu, na kwa sharti kwamba ulevi ubaki, kwa kuwa watu wameshauzoea.

Alikuja Tlawi wakati wa mavuno. Barabara ya Magara ilikuwa mbaya na alifika amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee alikuwa amekaa nje akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Lukasi alikaa chini, akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua naye. Walizungumza Kiiraqw, habari za ng'ombe, za mvua, za jirani aliyevunjika mguu. Gunia lilipofika nusu mzee aliuliza, bila kumtazama, "Mimi nikisema Kiswahili, ndivyo ninavyosikika?"

"Hapana, baba."

"Ndivyo?"

"Hapana. Yule ni mtu wa kutunga tu. Nilimtunga."

Lukasi aliwahi kuwaliza wanawake mia mbili kwa kifo ambacho hakikutokea. Lakini mbele ya gunia lile la mahindi hakuweza kumfanya mzee mmoja aamini sentensi moja. Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

"Nilikuwa nadhani nasema kama watu," alisema.

Lukasi alipiga magoti kwenye maganda, akaomba radhi. Mzee aliweka mkono kichwani pake, akamwambia ainuke, ardhi ina baridi. Hakumlaani, hakumkaripia, na Lukasi aliniambia baadaye kwamba angetoa chochote akaripiwe. Hasira ungejua uijibu vipi. Ule upole haukuwa na pa kushika.

Tangu siku ile Mzee Margwe aliacha Kiswahili. Kanisani alisali kwa Kiiraqw, kimoyomoyo. Dukani alionyesha kwa kidole. Alipoanza kuumwa tumbo, Marieta alimpeleka hospitali, na daktari alipomwuliza maumivu yanaanzia wapi, mzee alimjibu Marieta kwa Kiiraqw ili yeye ndiye aseme. Kuna mambo ya mwili ambayo mzee hawezi kumwambia binti yake. Hakuyasema kwa yeyote. Lukasi alikuja, akaingia wodini, na wauguzi wawili wakamtambua, wakashikana mikono kwa furaha. "Kamara! Jamani, Kamara! Tuambie neno moja tu!" Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliinuka kwa kiwiko ili aone. Lukasi aliwasihi kwa macho, lakini hata macho yake yalikuwa ya Qamara, wakacheka. Mzee aligeukia ukutani.

Alifariki kabla ya Kwaresima. Tulimzika juu ya shamba, na watu walikuja kutoka Bashay, Nambis, hata familia za wafugaji kutoka uwanda wa Hanang ambao mzee alibadilishana nao mitamba. Baada ya padri kumaliza, mtoto wa kiume alitakiwa kutoa shukrani za familia.

Lukasi alikuwa amejiandaa. Alikuwa amechagua ile sauti ya Arusha, safi, isiyo na kwao. Alisimama pembeni ya udongo mbichi, kofia mkononi.

"Wazazi wangu," alianza, "ndugu zangu na majirani." Ilikuwa vizuri. Kisha alitaka kulitaja jina la baba yake, koo likambana, na akafanya ambacho mtu yeyote hufanya koo likimbana. Alilisafisha.

Kicheko kilitokea upande wa vijana, kifupi, kikafa. Lukasi alitazama juu ya vichwa, maana hakuweza kumtazama mtu. Akasema, "Baba yetu alikuwa mtu mkubwa. Mtu mkubwa," na sauti ya Arusha ilikuwa imekwisha, haikuwepo, machozi yalikuwa yameisomba. Ile iliyokuwa chini yake ndiyo iliyobaki, aliyozaliwa nayo. Hakuwa anaigiza. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa anasema tu, na kadiri alivyolia ndivyo alivyozidi kuwa Qamara.

Kina mama walifunika midomo kwa kanga. Niliona mabega yao yakitikisika, na sijui hata leo nani alikuwa analia na nani alikuwa anacheka; nadhani baadhi walifanya yote mawili. Mtu mzima mmoja wa Dongobesh aliondoka na kwenda kusimama nyuma ya zizi. Padri alisema, "Tafadhali." Lukasi alifungua mdomo mara mbili zaidi na kuufunga. Alibaki amesimama pale, kofia ikizunguka mkononi, mpaka Marieta alipokuja, akamshika kiwiko na kumalizia shukrani kwa Kiiraqw, kwa ufupi, akiwataja waliochimba kaburi na walioleta kuni.

Hakurudi Dar. Mchezo wenyewe ulifutwa baadaye, filamu za video zikachukua nafasi yake, na mke wake alipanda na watoto kumfuata. Sasa analima shamba la mzee. Mara mojamoja gari linatoka Babati kumchukua, kwenye harusi au kwenye kampeni, na anakwenda, kwa sababu ada za shule hazimngoji mtu. Akirudi hasemi alikokwenda, na sisi hatuulizi. Koti la Qamara analiacha kwenye gari la watu.

Mwaka jana Marieta alinunua sola, na runinga ndogo, na kichezeshi cha diski. Alasiri moja Lukasi alikuwa akitoka zizini akasikia sauti ndani, akajua ni nini kabla ya kufika. Marieta alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, karibu sana na skrini, amepunguza sauti. Qamara alikuwa anavuka uwanja wa tajiri kwenda getini, polepole, fimbo mabegani.

"Zima," Lukasi alisema.

"Sisikilizi wanachosema," Marieta alijibu bila kugeuka. "Hatuna picha ya baba hata moja akiwa anatembea, kaka. Tazama. Anavyovuka pale, ndiye."

Alirudisha nyuma, na yule mzee akavuka tena. Lukasi alibaki mlangoni na ndoo ya maziwa, hajui aingie au atoke.